Wengineo

Ndege mbili, basi moja, kisha boti ya Sempurai
yenye mashine inayokohoa kila kona ya mto:
hivyo ndivyo nilivyorudi kupiga kura,
mimi mchomelea vyuma wa Johor,
macho mekundu, kitambulisho mfukoni,
na likizo ya siku nne isiyo na malipo.

Nyumba yetu ni moja, ndefu kama hadithi ya mlevi,
milango ishirini na miwili, baraza moja.
Sasa bendera zimeota mlango kwa mlango:
Hondohondo kwa Apai Lenggai,
Ngao kwa mdogo wake, ukuta wa mbao kati yao,
na mlango wa saba, Mshale,
kwa kuwa Mshale ulileta mabati.
Kila chama kinaapa ndicho cha Wadayak halisi.
Viwili vilizaliwa kwa ugomvi wa tumbo moja:
nembo mpya, katibu yule yule.

"Hondohondo wangapi hutosha kwenye mti mmoja?"
aliuliza mama, na hakungoja jibu.
Alikuwa akihesabu nyuzi.

Nakumbuka fomu ya shule, mwalimu kasimama nyuma yangu.
Kabila: kisanduku cha Wamalei, cha Wachina, cha Wahindi,
na cha nne, chini kabisa, Wengineo.
Nikauliza, Mwalimu, Mwiban yuko wapi?
Akanitilia alama mwenyewe, kwa kalamu yake.
Darasani tulikuwa thelathini na mmoja.
Wengineo, ishirini na tisa.

Usiku wa kuamkia kura walikuja kukaa mikekani petu.
Wa Ngao alisema Kiiban safi, cha redioni.
Wa Hondohondo alilia kwa ajili ya ardhi ya mababu,
ardhi ile ile ambayo kampuni ya shemeji yake
imepanda michikichi mpaka ukingoni mwa makaburi.
Wa Mshale hakuja. Alituma mchele.

Mzee Unggat, kikombe cha tuak mkononi, akauliza:
"Ukifika bungeni utaketi upande gani?"
"Upande wa maendeleo."
"Ndiyo, lakini ni kushoto au kulia?
Nataka kujua pa kukutafuta kwenye televisheni."
Tulicheka hadi mbwa wakabweka,
mgombea naye akacheka, akitazama saa.

Walipoondoka, ndugu wawili wakabaki.
"Tungekuwa na chama kimoja," akasema Lenggai.
"Tulikuwa nacho."
"Kikavunjwa."
"Na nani?"
Hapo Lenggai akainama kutafuta kandambili zake
kwa muda mrefu kuliko kandambili zinavyohitaji.

Hondohondo thelathini na nane.
Ngao thelathini na saba.
Mshale thelathini na moja, na moja imeharibika.
Mto mzima ulihesabu hivyo, kambi kwa kambi,
sisi tukigawana, yeye akikusanya,
na usiku ule aliyebebwa mabegani huko mjini
alikuwa mtu wa mchele.
Mtu mmoja akajumlisha thelathini na nane na thelathini na saba
kwa kijiti, mchangani, akafuta kwa mguu.

Sikumuuliza mama alichagua nini.
Alinyoosha kidole chenye wino, akakitazama kama uzi
uliotoka rangi asiyoikusudia,
akarudi kwenye kitambaa chake.

Nimesharudi bandarini. Wino wangu umeisha kwa cheche na sabuni.
Jana dada alinipigia simu:
lile tangi la maji la buluu, zawadi ya kampeni,
bado halina bomba wala mfereji.
Limelala ubavu nyuma ya mlango wa saba,
jina la mbunge limepakwa juu yake kwa herufi kubwa.
Kuku wa Indai Empiang ametagia humo.
Mayai tisa, akasema. Kisha akasita.
Kumi, kama tukihesabu na lile lililopasuka.